Viti Kumi na Viwili vya Bibi Gadsby

Obadiah Trinder alimdharau tajiri wake siku sita za wiki, na ya saba akapumzika kama Maandiko yanavyoagiza.

Tajiri mwenyewe, Lavington Crouch, alianza maisha akishona magodoro. Hapo hapana aibu. Watu lazima walale juu ya kitu. Aibu ilianza pale mshona magodoro alipooa mjane mwenye duka St Martin's Lane, akanunua wigi lenye unga unaomwagikia mabegani, akajiita fundi wa samani, kisha, kana kwamba London haijateseka vya kutosha, akatoa kitabu.

Kitabu kilikuwa kikubwa kama mlango wa kabati. Ukurasa wa kwanza palikuwa na picha ya Crouch ameshika bikari namna mtu anavyoshika kijiko cha supu ya moto. Ukurasa wa pili, majina ya waheshimiwa waliokilipia kabla hakijachapwa: madyuki wawili, maaskofu, majenerali, na mabibi kibao wasio na kazi. Baada ya hapo michoro sitini ya viti, meza, kabati na vitanda, na chini ya kila mchoro maneno madogo: L. Crouch amebuni. L. Crouch hakuwahi kubuni hata kigingi. Aliyechora ni Mfaransa mmoja wa Soho, mwenye kikohozi, aliyekufa kabla wino haujakauka. Na huyo Mfaransa naye nusu ya michoro aliipata akiwa amekaa karakana, akitazama viti vinavyotoka mkononi mwa Trinder.

Jina la Trinder halikuwamo. Halikuwa popote. Miaka thelathini na mmoja alifanya kazi kwenye benchi lile lile, chini ya dirisha la kaskazini, kwanza kwa mume wa kwanza wa yule mjane, kisha kwa huyu wa pili. Viti vyake vilikaliwa na watu ambao wasingemruhusu yeye kukaa mbele yao. Chini ya kila kimoja kilibandikwa kikaratasi, na kwenye kikaratasi neno moja: Crouch.

Trinder alikuwa na miaka hamsini na sita, mkavu kama ubao uliokaa ghalani, hana mke tena wala mtoto. Duniani alitaka kitu kimoja, na kwa bahati mbaya Crouch alikijua. Majira ya kuchipua ya mwaka ule duka moja la Long Acre lilimtuma mtu amnong'oneze Trinder ahame. Crouch alipopata habari alitokwa na jasho, maana bila Trinder angerudi kwenye sindano na manyoya. Akamwita mbele.

"Trinder, usiende kokote. Siku ya Mtakatifu Mikaeli, mwisho wa Septemba, nabadilisha ubao wa mlangoni. Crouch na Trinder. Herufi za dhahabu."

Trinder alijua thamani ya ahadi za Crouch. Lakini alirudi kwenye benchi akaharibu kiungo, cha kwanza katika miaka ishirini.

Agosti akaja Bibi Gadsby.

Mume wake alikuwa mpika bia wa Southwark. Mfalme alimpa u-Sir kwa kuwa jeshi lilikunywa bia yake na bado likashinda vita. Sasa bibi alikuwa na nyumba mpya karibu na Hanover Square, na ndani ya nyumba chumba cha kupokelea wageni, na ndani ya chumba hamna pa kukalia wageni. Alikuja na gari la farasi wanne, kutoka mtaa ambako angeweza kuja kwa miguu na asitokwe jasho.

Trinder alikuwa ameitwa mbele, aproni safi, kushika vipande vya mahogani ya Jamaika ili bibi achague rangi. Sheria ya madukani iko wazi: mbele huongea mwenye duka, fundi akiitwa mbele ni kama meza, anashikilia vitu na ananyamaza.

Bibi Gadsby akafungua kile kitabu mahali alipotia utepe. Mchoro wa kumi na nne.

"Hiki," akasema. "Kumi na viwili."

"Bibi mkubwa ana jicho," akasema Crouch, akainama mpaka unga ukadondoka.

"Jicho ninalo. Sasa nisikilize, Bwana Crouch. Nyie mafundi mnapenda kupunja. Mapazia yangu nimepunjwa. Ngazi yangu nimepunjwa. Viti nataka kama vilivyo hapa kwenye karatasi. Hivi hivi. Unywele ukizidi au ukipungua, vyote vinarudi."

Trinder alichungulia mchoro. Aliufahamu vizuri, maana alikuwapo Mfaransa alipouchora. Ulikuwa kiti kimoja chenye nusu mbili. Upande wa kushoto, mguu ulionyooka wima, umetobolewa matundu ya Kichina, na egemeo la vijiti vilivyopishana kama uzio. Upande wa kulia, mguu uliopinda kama goti la mbuzi, chini yake makucha ya ndege yamekamata tufe, na egemeo la utepe uliofungwa mafundo. Hakuna mwendawazimu aliyewahi kukusudia kukaa juu ya kiti hicho. Kuchora kwenye bamba la shaba la kuchapia ni kazi ya siku nyingi, kwa hiyo mchoraji hubana mitindo miwili ndani ya kiti kimoja. Mteja anachagua nusu yake, fundi anaikamilisha. Kila mwenye randa London analijua hilo, na wengi wasio na randa.

Trinder akakohoa. "Samahani, bibi mkubwa. Upande upi?"

Bibi Gadsby akageuza shingo kama mtu aliyesikia kabati likipiga chafya.

"Nani huyu?"

"Si mtu, bibi mkubwa," akasema Crouch haraka. "Ni mkono tu wa karakana."

"Basi mkono ufunge mdomo."

Gari lilipoondoka, Crouch alimfuata Trinder mpaka karakana, uso mwekundu hadi chini ya wigi. Mafundi kumi na mmoja wakaacha kupiga randa ili wasikie vizuri.

"Umenitia aibu! 'Upande upi!' Ndiyo swali gani hilo la kumuuliza mke wa Sir?"

"Mchoro una pande mbili, bwana."

"Unanifundisha mimi? Nimechora mwenyewe! Najua una pande mbili. Kila kiti duniani kina pande mbili. Au ulitaka tumuuzie nusu kiti?"

Gundi ilichemka ikafurika kwenye sufuria, na hakuna aliyenyanyuka kuiondoa. Trinder akamtazama tajiri wake, akaona ambacho alikuwa amekishuku kwa miaka miwili bila kuthubutu kukiamini: huyu mtu hakuwa amewahi kusoma kitabu chake mwenyewe. Alikuwa ametazama picha yake ya mbele, akahesabu madyuki, basi.

"Kwa hiyo, bwana," Trinder akauliza polepole, "nitengeneze pande zote mbili?"

"Zote mbili! Kama ilivyo! Umesikia bibi alivyosema au masikio umeyaacha kilabuni?"

"Nimesikia, bwana. Wote tumesikia."

Crouch alipotoka, fundi mmoja wa droo alijitia aproni mdomoni akaanguka kwenye maranda.

Mtu mmoja tu hakucheka: Ephraim Stallybrass, mchonga nakshi, mnene, mtu wa kaskazini, ambaye alikuwa akichonga juu ya kazi ya Trinder kwa miaka kumi na minane. Mchana walikaa pamoja juu ya rundo la mbao wakila mkate na jibini.

"Obadiah, mfuate ofisini. Funga mlango. Mwambie."

"Nimeshamuuliza mara mbili."

"Umemuuliza mbele ya watu kumi na mmoja, ukijua kabisa hawezi kujibu. Huko siyo kuuliza. Huko ni kumvua mtu suruali."

"Suruali alijivua mwenyewe siku alipoandika kitabu."

"Na ubao wako? Mikaeli ni wiki sita tu."

Trinder akatafuna. Alikuwa ameshapiga hesabu yake, na ilimtamanisha. "Sikiliza, Ephraim. Viti vinakwenda. Yule mama anaviona, anavirudisha. Mji mzima unajua kwamba Crouch hawezi kusoma kitabu cha Crouch. Nani basi atamwokoa? Atakuja kwangu anatambaa. Ubao hautaandikwa Crouch na Trinder. Utaandikwa Trinder na Crouch."

"Au utafukuzwa."

"Mimi? Nani atamtengenezea viti? Mke wake?"

Stallybrass akafuta kisu kwenye suruali. "Ungeweza kumwambia tu," akasema. "Ni maneno matano."

"Asome kitabu chake."

Wakaanza kazi. Na hapa lazima isemwe ukweli, hata kama unaudhi: Trinder hakuwahi kufanya kazi bora kuliko ile. Mguu ulionyooka unabeba uzito wima. Mguu uliopinda unausukuma mbele. Ukiiweka pamoja kwenye kiti kimoja, kiti kinataka kugeuka kama mlevi anayetafuta mlango. Ilimlazimu aufanye ubao wa mbele uwe mnene zaidi upande mmoja kisha aufiche unene huo, asogeze kila kiungo kwa upana wa kucha, asawazishe, avunje, aanze upya. Mbao alizichagua kama bwana harusi anavyochagua vazi. Aling'arisha kwa ngozi ya papa, msasa wa mafundi, kisha mafuta, kisha tena ngozi. Mwisho wake ukikaa juu yake kiti hakisogei, hakilii, kimetulia kama kanisa. Na ukikitazama unataka kulia.

"Kama uso wa mtu aliyepigwa kiharusi," akasema Stallybrass, akichonga mafundo ya utepe ambayo yalikatika ghafla katikati na kupisha uzio. "Upande huu unacheka, upande huu umekufa. Nimechonga majeneza yenye furaha kuliko hiki."

"Chonga."

"Nachonga. Lakini nasali pia."

Siku ya kumi Crouch alikuja kuona kiti cha kwanza. Kilikuwa katikati ya karakana, juu ya blanketi. Alikizunguka. Akasimama. Akazunguka tena, kwa upande mwingine, labda akidhani ni macho. Kisha akakifungua kitabu alichokuja nacho, mchoro wa kumi na nne, akatazama karatasi, akatazama kiti, karatasi, kiti.

Hapo ndipo alipofahamu. Trinder aliona kabisa ufahamu ukimwingia kama maji baridi kwenye kiatu. Na aliona kitu kingine: Crouch alinyanyua macho akamtazama, na macho yale yaliomba. Yaliomba kwa heshima, namna mdomo wake haukuwahi kufanya. Neno moja tu la fundi, hata la kuficha, 'bwana, huenda tukafikiria upya,' na viti kumi na kimoja vilikuwa bado ni mbao.

Trinder akainamisha kichwa. "Kalamu yako, bwana. Mkono wangu."

Mafundi kumi na mmoja walisubiri.

"Ndivyo," akasema Crouch, sauti imekauka. "Ndivyo hasa nilivyochora." Akafunga kitabu, akatoka, na mlangoni akajikwaa.

Stallybrass aliokota patasi yake na siku hiyo hakugawana jibini na mtu.

Katikati ya Septemba viti vilipakiwa kwenye mkokoteni, vimefungwa majani makavu na mablanketi, vikapelekwa Hanover Square. Trinder aliandamana navyo. Fundi wa viti huenda na kazi yake mpaka nyumbani kwa mteja, maana sakafu hazifanani. Hupiga magoti na karata ya kuchezea, akaipitisha chini ya kila mguu, na mguu unaoruhusu karata kupita unapewa dawa yake. Crouch naye alikuja. Alikuwa ametia unga mwingi kwenye wigi, kama mtu anayejiandaa kukaangwa.

Bibi Gadsby alikuwa amealika wageni waje wanywe chai na kushangaa. Walikuwapo kumi hivi, wote wake za watu waliouza kitu mpaka wakatajirika, wakaacha kukiuza. Mmoja tu alikuwa wa damu ya ukoo mkubwa: Bibi wa Wexcombe, mjane wa lodi, mwenye miaka sabini, gauni la enzi ya mfalme aliyepita, vidole vya ugoro. Shamba lilikuwa limemponyoka, paa la nyumba yake lilivuja, na yeye alialikwa kila mahali ili wenye nyumba waweze kusema kwamba alikuja. Alikuja kwa ajili ya keki.

Mablanketi yakaondolewa. Viti vikapangwa ukutani, sita huku, sita huku, miguu yao ya Uchina na magoti yao ya mbuzi yakimulikwa na madirisha manne. Trinder akapiga magoti na karata yake kwenye kiti cha karibu. Wiki nne alikuwa akisubiri saa hii.

Wageni hawakujua wacheke au wasifie, kwa hiyo walimtazama Bibi wa Wexcombe. Ajuza yule akaweka keki chini. Akasogea. Akacheka kicheko kirefu cha farasi.

"Gadsby, mwanangu! Wamekuletea nusu mbili!"

"Nusu mbili za nini?"

"Za kiti! Huwa unachagua, mwanangu. Upande huu au upande huu. Jamani! Kwetu hata paka wa jikoni anajua hilo."

Wageni sasa walijua la kufanya. Vicheko vikapita nyuma ya mapepeo. Bibi Gadsby aliwiva, kuanzia kifuani kwenda juu, kama nyama inayogeuzwa rangi kwenye chungu.

"Bwana Crouch," akasema.

Na Crouch, aliyekuwa na zaidi ya wiki mbili za kutafakari, alikuwa amejiandaa.

"Bibi mkubwa, nimesalitiwa! Mtu huyu hapa, Trinder, mlevi, kichwa kigumu, nilimwambia kwa kinywa changu. Namfukuza leo. Na hakuna duka London litakalompa benchi. Mimi mwenyewe nitapita mlango kwa mlango kuhakikisha."

Trinder alikuwa bado amepiga magoti. Hesabu zake zote hazikuwa na mahali pa jambo hili. Alikuwa amempima Crouch kama mjinga, na mjinga kweli alikuwa. Alisahau kumpima kama mwoga, na mwoga hana mwisho.

"Wewe mkono," akasema Bibi Gadsby. "Una mdomo leo? Nani alikwambia uvitengeneze hivi?"

Neno lilikuwapo. Alikuwa amelinoa kwa wiki nne, amelipiga ngozi ya papa mpaka likang'aa: Mwulize aliyechora, bibi mkubwa, kama amewahi kukifungua kitabu chake. Mashahidi kumi na mmoja karakana wangeapa. Crouch angekwisha pale pale juu ya zulia.

Akanyanyua macho. Jasho la Crouch lilikuwa limefika kwenye unga na kuufanya uji, na uji ulikuwa unamteremka shavuni. Naye Crouch alikuwa ameshagundua kwamba amekosea, kwamba aliyepiga magoti ana jiwe mkononi. Midomo yake ikacheza bila sauti. Trinder hakuhitaji masikio. Mikaeli, ilisema midomo. Ubao.

Crouch akimalizika, duka linamalizika. Duka likimalizika, hakuna ubao. Trinder angetoka pale akiwa na haki yote na sanduku lake la zana, mzee wa miaka hamsini na sita, asiyeandikwa popote.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na yeye tayari alikuwa amepiga magoti.

"Hakuna kosa, bibi mkubwa," akasema Trinder. Sauti iliyomtoka hakuijua. Ilikuwa na mafuta. "Huo ndio mtindo. Upande huu ni Uchina, upande huu ni Ulaya. Mashariki na Magharibi zimekutana, na bibi mwenye nyumba ameketi katikati kama malkia. Bwana Crouch ana haya tu, hapendi kujisifu." Akamgeukia ajuza wa keki. "Zamani watu walikuwa wakichagua upande mmoja, ni kweli kabisa. Wale ambao hawakuweza kuwa na vyote viwili."

Bibi wa Wexcombe, ambaye paa lake lilivuja, akafunga mdomo.

Bibi Gadsby alimtazama Trinder kwa muda. Hakuwa mjinga kwa kila jambo; alijua uongo, alikuwa ameolewa na mwuza bia. Lakini alijua pia pale mtu anapofunguliwa mlango wa kutokea. Akakusanya sketi zake, akaketi. Kiti hakikulia.

"Nilidhani kila mtu anafahamu," akasema. "Chai jamani, inapoa."

Bibi wa Wexcombe akavuta ugoro. "Paris vimejaa," akasema hatimaye. "Vizuri kuliko hivi."

Na kwa vile ajuza alikuwa ameviona Paris, ambako hakuwa amefika kwa miaka thelathini, wageni wengine nao waliviona. Mke wa mwuza sukari alisema vya kwake vitakuwa na matundu zaidi. Mke wa mwenye meli akataka na meza.

Njiani kurudi, juu ya mkokoteni mtupu, Crouch alikuwa anafuta uji usoni kwa leso.

"Mashariki na Magharibi," akasema. "Hilo zuri. Hilo nitalitia kwenye toleo la pili."

Trinder alikuwa akiitazama mikono yake. "Na ubao?"

"Ahadi ni ahadi, Trinder. Unaniona mimi ni mtu wa namna gani?"

Jibu Trinder alikuwa nalo; akarudi kuitazama mikono yake.

Siku ya Mikaeli ikafika, mtaa mzima unanuka bata bukini wa kuoka. Kwenye karakana palikuwa na oda za viti themanini na sita, vyote vya miguu isiyojuana. Ubao uliletwa asubuhi, umefunikwa gunia. Gunia likavuliwa. CROUCH NA TRINDER, herufi za dhahabu, sawasawa na ahadi. Na chini yake, herufi ndogo kidogo lakini dhahabu vile vile: *Waanzilishi wa Kiti cha Mashariki na Magharibi*. Kilemba cha ukoka hakikuwahi kupakwa dhahabu nzuri hivyo.

Stallybrass alitoka karakana akiwa na koti lake, na sanduku la zana begani. Akasimama chini ya ubao, akausoma taratibu, maana kusoma hakukuwa kazi yake.

"Unakwenda wapi?" akauliza Trinder.

"Long Acre. Wana kiti chenye miguu minne inayofahamiana, wanataka mtu wa kukichonga."

"Ephraim. Si nimepata? Si ndicho nilichokuwa nataka?"

"Umepata." Akahamisha sanduku bega la pili. "Miaka kumi na minane, Obadiah, kila kilabu nilichoingia kuanzia hapa mpaka Aldersgate, mtu akiniuliza fundi wa viti London ni nani, nilisema Trinder. Hawakukuona, lakini walikujua. Wakikuta kiti kizuri wanakipindua, wanakisoma kiungo, wanasema huyu Trinder huyu, waache kikaratasi. Ulikuwa na jina, wewe bwege. Hao akina Gadsby ndio hawakulijua."

Akaenda zake.

Upande wa pili wa mtaa mafundi walikuwa wameanza kukusanyika, kutoka Long Acre, kutoka viwanja vya nyuma, wenye aproni na maranda kwenye nywele. Leo ni sikukuu, nani wa kuwazuia. Mmoja wao, kijeba mtengeneza meza za karata, akaanza kutembea mguu mmoja umekakamaa, mwingine ameupinda goti. Mwingine akamfuata. Mara wakawa saba, wanane, wanapita chini ya duka kwa mstari, wanachechemea, wananyanyua kofia kwa ubao.

"Shikamoo Mashariki!"

"Marahaba Magharibi!"

Crouch alichungulia dirishani, akawapungia mkono. Alidhani wanampongeza.

Juu ya ngazi, mtundikaji mabango alikuwa ameshagongomea msumari upande mmoja, na upande wa pili ameuinua kidogo zaidi. Ubao ulikuwa umeinama kwa upana wa kidole. Mtu wa kawaida asingeona. Trinder aliona akiwa chini, na hakuweza kuacha kuona.

"Shuka," akasema.

"Niko karibu kumaliza, mzee."

"Shuka nimekwambia. Umepinda."

Akapanda mwenyewe, miaka hamsini na sita, kelele za mtaa nyuma ya mgongo wake. Akaung'oa msumari kwa nyundo ya mtundikaji, akaubana kwa midomo. Akarudisha kichwa nyuma kadiri ngazi ilivyoruhusu, akafumba jicho moja, akaushusha ubao, kidogo, tena kidogo, mpaka jina lake likasimama sawa. Chini walikuwa wanapiga miluzi. Akautoa msumari mdomoni na kuugongomea, mapigo matatu, kama kazi nyingine yoyote.

Kisha akashuka, akaingia ndani, akauliza mbao za oda ya kwanza ziko wapi.